Goti la Sella

Kila asubuhi, kabla moshi wa makaa haujatanda juu ya mabati ya mtaa wa Gatwekera, Sella alikuwa amekwisha kuteka maji, kuosha vikombe na kumfunga mdogo wake Wekulo vifungo vya shati. Kisha alishika njia ya shule pamoja na rafiki yake Nabwire. Hawakutembea. Waliruka mitaro na kupenya vichochoroni mbio, na majirani walizoea kuwapisha. Katika darasa lao la sita hakukuwa na msichana aliyemfikia Sella kwa kasi, ndiyo maana mwalimu alimchagua awe mkimbiaji wa mwisho katika mbio za kupokezana kijiti. Mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia.

Ndipo goti likamvimba. Aliamka asubuhi likiwa moto na limejaa kama embe lililoiva. Alipoulizwa na mama yake, Kavetsa, alijibu kwamba alianguka uwanjani.

Kavetsa alimwachia jirani kibanda chake cha mboga, akampeleka Sella mtaa wa Kawangware, kwenye zahanati ndogo ya kanisa. Madaktari wa pale walikuwa vijana. Walikuwa wamemaliza chuo kikuu, lakini waliletwa pale wajifunze kutibu jamaa nzima, kuanzia nyanya hadi mtoto mchanga, bila mitambo ya hospitali kubwa. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja wa makamo, Daktari Waruguru. Kila jioni aliwaketisha, na kila kijana akaeleza wagonjwa aliowaona.

Siku hiyo Sella alionwa na kijana aliyeitwa Daktari Nzomo. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi hadi nje. Nzomo aliuliza goti limefanyaje, Sella akarudia kwamba alianguka. Akabonyezwa, akafungwa bendeji, akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa apumzike siku chache.

Sella hakuwa ameanguka. Wiki kadhaa kabla ya hapo koo lilimuuma, akanyamaza. Baadaye maumivu yakaingia kwenye kifundo cha mguu, yakatoka, yakahamia gotini. Tena siku hizi, akipanda mwinuko na mtungi wa maji, alihema kama bibi kizee. Alijua kwamba akisema hayo yote ataambiwa akae chini, na kijiti kitapewa mwingine. Akaona afadhali uongo mdogo.

Alikuja kujua baadaye yaliyosemwa zahanatini jioni ile. Daktari Waruguru alimuuliza Nzomo kama alikuwa ameuliza habari za koo, na kama alikuwa ameusikiliza moyo wa mtoto. Nzomo alikiri kwamba hakufanya hivyo.

"Umetibu goti," mwalimu wake alimwambia, "lakini goti halikuja hapa peke yake. Nenda ukamwone mtoto kwao."

Kesho yake alasiri Nzomo alifika Gatwekera, viatu vyake vimejaa matope, akiulizia nyumba ya Mama Sella. Alimkuta Sella anatoka mazoezini. Goti lilikuwa limetulia kidogo, lakini sasa kiwiko ndicho kilichouma. Sella alikificha nyuma ya mgongo.

Kavetsa alimpa mgeni kigoda na kikombe cha chai. Nzomo alisema waziwazi kwamba jana alifanya kazi kwa haraka, na amekuja kuuliza upya. Aliuliza kama Sella aliumwa koo. Sella akasema hapana. Aliuliza kama huwa anahema. Sella akasema hapana. Basi akautoa mpira wake wa kusikilizia moyo, akauweka kifuani pa Sella, akasikiliza kwa muda mrefu huku macho ameyafumba.

"Nasikia sauti nisiyoielewa vizuri," alisema mwishowe. "Sella, mimi bado najifunza. Nikisoma kitabu, kitabu ni mwalimu wangu. Nikikaa na wewe, wewe ndiwe mwalimu wangu. Ukinifundisha uongo, nitaubeba. Mtoto mwingine atakuja na maumivu kama yako, nami nitamfunga bendeji nimrudishe kwao."

Alikunywa chai yake.

Sella alitazama chini. Aliwaza juu ya kijiti, akawaza juu ya Nabwire na wenzao waliomtegemea. Kisha akamsikia Wekulo akikohoa kitandani nyuma ya pazia. Tangu Jumapili mtoto huyo alikuwa akilalamika kwamba hawezi kumeza ugali, naye Sella alimwambia aache kudeka. Mtoto mwingine aliyesemwa na daktari hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya pazia.

"Sikuanguka," Sella alisema.

Alipoanza hakusita tena. Alieleza habari za koo, kifundo, goti na kiwiko. Alieleza jinsi moyo wake ulivyodunda alipopanda na maji. Mwisho akasema kwamba Wekulo naye anaumwa koo. Kavetsa alishika shavu. Hakumfokea mwanawe, ila alisema kwa sauti ya chini kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akainuka kutafuta shuka ya kumfunikia Wekulo safarini.

Wote wakaenda Kawangware jioni ileile. Daktari Waruguru alimpima Sella, akawaeleza taratibu. Koo lisipotibiwa, alisema, huweza kuzaa homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo huhama na kwisha, lakini ugonjwa hubaki ukiula moyo kimyakimya. Wekulo alipewa dawa ya penisilini, na baada ya siku chache alikuwa akimeza ugali na kuomba wa kuongezwa. Sella alipelekwa hospitali, akalazwa wiki nyingi.

Mashindano yalifanyika bila yeye. Nabwire ndiye aliyekimbia mwisho, na shule yao ikawa ya tatu. Wasichana wengine wawili wa timu walikasirika, hawakuja kumtazama. Nabwire alikuja na machungwa, akakaa kando ya kitanda, akamwambia ukweli: wangalijua mapema, wangalifanya mazoezi na mtu mwingine. Maneno hayo yalimchoma Sella kuliko sindano.

Na sindano zilikuwa nyingi. Alipotoka hospitali aliambiwa kwamba kila mwezi lazima achomwe moja, mpaka awe mtu mzima, ili ugonjwa usirudi. Ilikuwa sindano nene yenye dawa nzito, na baada yake alichechemea siku nzima. Kutoka Gatwekera hadi Kawangware alikwenda kwa miguu, polepole kama alivyoagizwa. Mwezi wa mvua kubwa njia yote iligeuka matope. Baba yake, Wangila, alishauri wangoje wiki ijayo. Sella alikuwa tayari amejifunika gunia la nailoni kichwani.

"Tarehe ni tarehe, baba," alisema.

Wangila alimtazama, akachukua koti lake, wakaenda pamoja.

Miaka miwili ilipita hivyo, pasipo kukosa mwezi hata mmoja. Siku moja Daktari Waruguru aliusikiliza moyo wake, akatabasamu. Ile sauti ilikuwa imefifia sana, na sasa Sella angeweza kukimbia kidogo na wenzake, bila mashindano. Sindano zingeendelea. Mlangoni walisimama madaktari vijana wapya waliokuja kujifunza, na Nzomo alikuwa ndiye anayewatembeza. Daktari Waruguru alimwomba Sella awaruhusu wamsikilize. Mmoja baada ya mwingine walimsikiliza, wakamuuliza, naye akajibu kila swali bila kuficha, hata lile la kuanguka.

Walipomaliza, Daktari Waruguru aliwageukia wote.

"Nzomo alikosa kuuliza, na Sella alikosa kusema," alisema. "Daktari akiona haya kusema sijui, na mgonjwa akiona haya kusema ukweli, ugonjwa hupata mahali pa kulala. Hawa wawili walikubali kurudi na kurekebisha. Ukweli ndio uliokuwa dawa ya kwanza ya msichana huyu. Ya pili ni bidii yake, na hiyo mtaiona sasa hivi."

Akachukua bomba la sindano. Sella alikuwa amekwisha kugeuka, tayari kuchomwa.