Nani Anamaliza Chaji?

Kabla ya kwenda shule, Mdadisi alikuwa na kazi ya kupanga mikate kwenye sanduku la baiskeli ya umeme. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu aanze kusema hakuchoka kuuliza maswali. Mama yake alioka mikate kwenye tanuri nyuma ya nyumba, na Upepo, kijana aliyeajiriwa na mama, aliisambaza madukani.

Biashara ilikuwa imekua. Hospitali ilitaka mikate kila siku, na shule kadhaa pia. Baiskeli peke yake ilikuwa imezidiwa. Mama alikuwa amepata lori dogo la umeme la kununua, lililotumika kidogo tu. Lori lingebeba mizigo mikubwa, na baiskeli ingeendelea kupita vichochoroni. Muuzaji alitaka jibu kabla ya wiki kwisha, maana kulikuwa na mteja mwingine.

Lakini kulikuwa na tatizo.

"Nusu tena!" alisema Upepo asubuhi moja, akigonga kioo cha kuonyesha chaji. "Bosi, imelala kwenye umeme usiku kucha, na bado ni nusu!"

Mama alimtazama Upepo, akatazama baiskeli, kisha akamrudia Upepo. "Imelala, au imetembea?"

"Itembee na nani, bosi?"

"Ndilo ninalouliza. Ufunguo wa mlango wa nje wa stoo tunao mimi na wewe tu."

 Upepo alipanda baiskeli akaondoka. Mama akashusha pumzi. "Kama hii ndogo inanichezea hivi, lori litakuwaje? Likinizimikia njiani, wagonjwa watakula nini?"

Tangu siku hiyo Mdadisi alianza kumchunguza Upepo, na kila kitu kilimtia shaka. Kwa nini alikata simu mtu akiingia? Kwa nini magurudumu yalirudi na vumbi jekundu, wakati barabara ya madukani ilikuwa ya lami?

Siku moja, akitoka shule, alimwona Upepo kwenye uwanja wa udongo mwekundu, amesimama na baiskeli, akizungumza na wanaume wawili. Mdadisi alikimbia nyumbani bila kupumzika.

"Mama! Nimemwona kaka Upepo uwanjani na baiskeli. Anabeba abiria!"

Maneno ya mwisho yalimponyoka. Hakuwa ameona abiria yeyote. Lakini uso wa mama ulikuwa umeshabadilika, naye akaogopa kuyarudisha.

Jioni mama alimwita Upepo. "Nipe ufunguo wangu."

"Bosi, haki ya Mungu, sijabeba mtu."

"Basi uwanjani ulifuata nini?"

Upepo alikuna kichwa. "Ni jambo langu. Sikutaka kulisema bado."

"Basi na mimi sina la kuongeza."

Kijana aliweka ufunguo mezani, akatoka ameinamisha kichwa. Mdadisi alishindwa kumaliza chakula chake.

Kesho yake mama alisambaza mikate mwenyewe. Aliporudi jioni alichomeka chaja, akaenda kumwambia muuzaji kwamba amebadili mawazo. Mdadisi alibaki, akajificha stoo nyuma ya magunia ya unga. Alikuwa na hakika kwamba Upepo alichongesha ufunguo mwingine na angekuja kuichukua baiskeli kwa siri.

Mara mlango ulilia. Haukuwa mlango wa nje. Ulikuwa ule mdogo wa kutokea jikoni, usio na kufuli. Akaingia bibi, akinyata. Aligusa plagi, akaurudisha mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto, kisha akaichomoa kwa ncha ya kanga.

"Bibi! Kumbe ni wewe!"

"Uwii!" Bibi nusura aanguke. "Utaniua, mjukuu wangu! Unafanya nini humo kama panya?"

"Kwa nini umechomoa chaja, bibi?"

Bibi alikaa juu ya gunia, akahema. "Baiskeli ilipoletwa nilisema itatuunguza. Mkanicheka wote, hata wewe. Basi mkilala naichomoa, na alfajiri naichomeka kabla hamjaamka. Leo nimeona mama yako ametoka, sikungoja usiku. Hebu gusa hapo."

Mdadisi aligusa soketi. Ilikuwa ya moto, na plastiki yake imeanza kuwa kahawia. Kando yake yalirundikana magunia makavu na maboksi. 

Mama aliporudi, bibi alimweleza kila kitu na kumwonyesha soketi. Mama alishika mdomo.

"Mama," alisema Mdadisi, machozi yakimlenga, "na mimi nina jambo. Sikuona abiria. Nilimwona kaka Upepo amesimama tu."

Mama alijifunga kanga. "Vaa viatu," alisema.

Walimkuta Upepo nje ya chumba chake, akifua.

"Nimekukosea, kijana wangu," alisema mama. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Na mimi nilisema uongo, kaka," alisema Mdadisi. "Nisamehe."

Upepo alikung'uta povu mikononi. "Mmeniumiza. Wale niliokuwa nao uwanjani ni walimu wa udereva, bosi. Nilikuwa najifunza, ili ukinunua lori nikuonyeshe leseni mkononi." Kisha akamgeukia Mdadisi. "Nimekusamehe, mdogo wangu. Ila siku nyingine niulize."

Fundi umeme alipofungua soketi, alikuta nyaya zimelegea na kuanza kuungua. Alivuta laini mpya yenye waya mnene hadi ukuta wa nje, mbali na magunia. Baiskeli ilipochajiwa hapo, asubuhi ilikuwa imejaa pomoni. Mama alimpigia muuzaji, na kwa bahati yule mteja mwingine alikuwa amejitoa.

Siku lori lilipoletwa, Upepo alikuwa ameshapata leseni, na mama alimkabidhi ufunguo wa lori mbele ya majirani. Bibi alilizunguka, akagusa kila sehemu ya kuchajia, ndipo akakubali kupanda.

"Mama, siku hizi ninaogopa hata kusema ninachokiona," alinong'ona Mdadisi.

Mama alimshika bega. "Usiache kuangalia, mwanangu. Macho yako hayakukosea, yalimwona Upepo amesimama na baiskeli. Ungeniambia hilo tu, ningebaki na swali la kumuuliza. Ulipoongeza neno moja, nikadhani nimeshapata jibu."