Kadi Iliyohamishwa

Kila alasiri akitoka shule, Chokochoko alipitia maabara ya zahanati alikofanya kazi shangazi yake. Alinawa mikono, akakaa pembeni kufanya hesabu zake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana binti huyo akiona skrubu, mkono humuwasha.

Siku moja shangazi alikwenda wodini kuchukua damu ya kupima ya mama aliyejifungua, kabla hajakimbizwa hospitali kubwa. Huku nyuma, Chokochoko akazima kompyuta ya maabara na kuifungua kwa bisibisi yake. Kompyuta kuukuu ya stoo ilikuwa na michezo, ila kadi yake ya mtandao ilikwenda mwendo wa kobe. Akazibadilisha kadi: ya huku kule, ya kule huku. Kompyuta zote mbili zikawaka. Akajipongeza kimoyomoyo.

Shangazi alirudi, akapima, akatuma majibu. Mara simu ikalia kutoka hospitali kubwa.

“Dada, kundi la damu la yule mama aliyejifungua limetufikia kama fumbo. Hatusomi kitu, na bado anavuja damu!”

Shangazi akatuma tena na tena. Wapi!

“Si uwatajie tu kwa simu?” Chokochoko aliuliza.

“Kundi la damu halitajwi kwa simu, mwanangu. Sikio likikosea, mtu anapotea. Ngoja nimwite fundi, ingawa yuko mbali.”

Chokochoko aliitazama kompyuta ya maabara. Akinyamaza, nani atajua? Lakini yule mama je?

“Shangazi, ni mimi. Nimebadilisha kadi ya mtandao.”

Shangazi alimkazia macho. “Irudishe. Upesi!”

Chokochoko akazima kompyuta, akairudisha kadi. Majibu yakatumwa upya. Simu ikalia: “Tumesoma! Anaongezwa damu sasa hivi.”

Shangazi akaketi, akashusha pumzi.

“Kila kadi ina namba yake tangu kiwandani. Mashine yetu hutumia namba hiyo kufunga siri za wagonjwa zikipita mtandaoni, na hospitali hutumia hiyohiyo kuzifungua. Wewe umebadilisha kufuli, wenye ufunguo hawana habari.”

“Nisamehe, shangazi.”

“Nimekusamehe, kwa kuwa umesema mapema. Ila bisibisi nitakaa nayo mimi mpaka ujifunze kuomba ruhusa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kosa naye ni vivyo hivyo, mwanangu, ila leo kifo chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine.”