Kitabu cha Ubatizo Kilichomtoa Kaka Yangu Nyumbani

Nina miaka sabini na tatu. Nimekuwa katekista hapa Uriri kwa zaidi ya miaka thelathini. Mke wangu yuko hai, watoto wangu wananiheshimu, na kila asubuhi namshukuru Mungu kwa pumzi. Watu huniita Japuonj, yaani mwalimu. Wasomaji wenzangu, leo msiniite hivyo. Leo mimi ni mtu aliyekosa...

Nyumbani tulikuwa wana watatu. Yoshua alikuwa mkubwa, mimi nikamfuata, kisha Oloo. Kwetu Waluo, mwana wa kwanza ndiye anayefungua msimu wa kupanda. Wazazi wakishaondoka, hata mvua inyeshe namna gani, hakuna ndugu anayetia mbegu udongoni kabla ya mkubwa kutia yake.

Yoshua alihifadhi mbegu zake katika mkebe wa majani ya chai. Siku ikifika, alipita mbele ya nyumba yangu akiutikisa. "Amka, omera!" aliniita. Omera ni kusema ndugu yangu. "Ama siku hizi maombi yanalima yenyewe?"

Nilicheka kila mwaka. Lakini kuna miaka nilichoka kungoja. Hilo sikuwahi kuliungama.

Umri uliposogea, niliamua kuandika kitabu kidogo cha ukoo wetu ili wajukuu wajue walikotoka. Wazee wetu walihamia Uriri kutoka upande wa Kendu Bay, na huko kuna parokia ya zamani iliyowabatiza. Yoshua alifurahi kuliko wote. Alinipa jogoo nimpelekee karani wa parokia. "Ukikuta babu alikuwa mwizi wa ng'ombe," aliniambia, "hiyo ruka, andika ya mbele!"

Karani alinitolea vitabu ambavyo mchwa walikuwa wamekula pembe zake. Nilipoona jina la baba, kwa wino uliofifia, nililia kwa furaha! Nikapata ndoa yake na mama. Kisha nikatafuta ubatizo wa Yoshua.

Alibatizwa miaka miwili kabla ya ndoa ile. Jina la mama lilikuwa la mama yetu. Lakini palipoandikwa baba, palikuwa na jina la mwanamume ambaye hajawahi kutajwa nyumbani kwetu.

Nikaelewa. Mama alikuja kwa baba akiwa na mtoto mgongoni! Mtoto wa namna hiyo, kwa desturi yetu, hafungui kupanda.

Karani aliona uso wangu. "Mzee, usiondoke na ukurasa mmoja," akasema. "Baba yako aliacha wosia hapa, ninaona jina lake kwenye orodha. Ila ufunguo wa kabati anao padre, na yuko mafungoni. Rudi Jumanne."

Mkutano wa ukoo, ambapo ningesoma niliyoyapata, ulikuwa Jumamosi. Je, ningengoja hadi Jumanne ningekufa? Mimi niliyewafundisha watu subira maisha yangu yote!

Jumamosi nikasimama na kusoma nilichonakili, mbele ya wake zetu, watoto na wajukuu. Nilijiambia kwamba ukweli ni wa Mungu, haufichwi. Nilipofika kwenye jina lile, sauti yangu haikutetemeka. Nikisema kwamba sikufurahi hata kidogo, nitakuwa nimemdanganya Mungu...

Oloo aliruka kitini. "Kumbe! Miaka yote hii tunaangalia mvua ikipita, tukimngojea mgeni!"

Hakuna aliyemkemea. Hata mimi.

Yoshua alivaa kofia yake taratibu. "Umesoma vizuri, omera?" aliniuliza.

"Nimesoma vizuri."

"Basi kunyweni chai, inapoa." Akaenda zake.

Mvua ilinyesha Jumatatu. Asubuhi Oloo alileta ng'ombe na plau hadi shambani kwangu. "Japuonj, unangoja nini? Wewe ndiye mkubwa sasa. Panda nifuate!"

Nikapanda. Mungu wangu, nikapanda! Nilipoinua kichwa mwisho wa mstari wa kwanza, Yoshua alikuwa amesimama kwenye ua wa mikonge, mkebe wake mkononi. Safari hii hakuutikisa. Alitutazama kidogo, akageuka.

Kabla ya wiki kuisha alikuwa amehamia mji mdogo wa Rodi Kopany, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga, karibu na mwanawe Daudi. Mzee wa karibu miaka themanini, amepanga chumba! Nami nilikuwa nyumbani napalilia.

Nilirudi parokiani mahindi yakiwa yameanza kuchanua, kwa sababu tu nilitaka kumaliza kitabu changu. Padre alifungua kabati na kunipa karatasi moja, yenye alama ya kidole gumba cha baba. Nimeikariri.

"Yoshua ni mwanangu wa kwanza. Atakayeuliza alitoka wapi, aambiwe alitoka kwangu. Yeye ndiye atakayewafungulia wadogo zake kupanda."

Nilikwenda moja kwa moja hadi Rodi Kopany. Nilimkuta kaka yangu kitandani, amekonda, kifua kinamsumbua. Nilipiga magoti nikamsomea karatasi ile huku nalia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniwekea mkono kichwani.

"Nilijua, omera," akasema. "Baba aliniambia kabla sijaoa. Kitu sikujua ni ninyi mtafanya nini siku mtakapojua."

Wasomaji wenzangu, ni adhabu gani inayopita hiyo?

Nilimsihi arudi. Akatabasamu. "Msimu ujao nitakuja niwafungulie. Lakini hiyo plau ya Oloo kwanza inolewe, nimeona inakwaruza tu!"

Hakuufikia msimu ujao. Alifariki mahindi yangu yakiwa ghalani. Nilikwenda na wazee kuuchukua mwili, nikiwa nimeshika wosia wa baba. Daudi hakutupigia kelele. Alisema tu, "Baba mdogo, mlimtoa akiwa anatembea. Mnamtaka sasa kwa sababu hawezi kujibu?" Wakamzika Rodi Kopany, kwenye kiploti cha Daudi, mbali na kaburi la baba aliyempenda.

Ninyi mnaotafuta mababu katika vitabu vya kale, nawasihi kwa jina la Mungu. Mkikuta jina linalowashtua, fungeni kitabu. Mwendeeni peke yake yule ambaye jina hilo linamhusu, mkae naye. Na msiseme mmeujua ukweli kabla ya kufungua kabati lote! Mimi nilikuwa na ukurasa mmoja na wivu wa miaka mingi, nikaviita ukweli.

Padre amenipa maondoleo, nami nashukuru. Lakini Daudi sasa ndiye anayepaswa kufungua kupanda mahali pa baba yake. Mara tatu nimekwenda kumwomba aje. Mara ya tatu alinipa tu mkebe wa baba yake. Sijui maana yake, na sikuthubutu kuuliza.

Mvua imeshanyesha wiki mbili. Oloo alipanda zamani. Shamba langu limejaa magugu na majirani wananicheka. Mkebe umening'inia jikoni kwangu, na mbegu zimo. Siugusi. Kila asubuhi nakaa mlangoni, natazama barabara.

Namngoja.