Nzi Asiye na Mabawa

"Eliamini, sogea basi, na mimi nione."

"Subiri, Yudith. Tangu zamani una haraka."

Tulikuwa darasa la jioni, Same mjini, sote watu wazima. Mimi fundi cherehani, yeye seremala. Kwenye hadubini kulikuwa na wale nzi wadogo wa ndizi mbivu. Dume mmoja alikuwa na vipande tu vya mabawa.

"Jeni yake moja imebadilika," alisema Mwalimu Safia. "Dume humwimbia jike kwa kutetemesha bawa. Huyu hana, lakini mwangalieni."

Dume akamzunguka jike, akatikisa vipande vyake. Jike akaondoka. Akamfuata tena.

"King'ang'anizi huyu," Eliamini alicheka, kisha akaingiza mkono wa kushoto mfukoni. Vidole vyake viwili vimeungana tangu kuzaliwa. Tulipoimba kwaya kule Mhezi, kijijini kwetu milimani, ukungu ukiingia hadi kanisani, aliuficha mkono huo chini ya kitabu cha nyimbo. Nami nilimpenda hivyo hivyo. Miaka kumi na tisa iliyopita baba yangu, mzee Zephania, alirudisha dengelua, pombe ya miwa waliyoileta kwa posa. Alisema vidole vile ni laana ya ukoo wao.

"Mwalimu," niliuliza, "huyu nzi alikosa nini?"

"Hajakosa kitu. Amerithi tu."

Alfajiri nilisali, nikaomba ujasiri, nikamtumia Eliamini ujumbe: "Kwa nini hukurudi mara ya pili?"

Akapiga simu.

"Niliamini maneno ya mzee. Sikutaka watoto wako wachekwe."

"Na sasa?"

"Sasa najua si laana. Lakini wanaweza kurithi vidole hivi, Yudith."

"Wakirithi, nitawashonea glovu zinazowatosha. Mungu hajawahi kuninyima kitambaa."



"Jumamosi twende kwa mzee," akasema.

Tulimkuta baba akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba," Eliamini alisema.

"Marahaba." Baba alimtazama sana. "Umechelewa, mwanangu. Nilijuta kabla mahindi ya mwaka ule hayajakomaa. Nikaona aibu kukufuata."

"Nami niliogopa kurudi, baba."

Niliwatazama wote wawili. Miaka kumi na tisa.

"Na mimi hakuna aliyeniuliza," nilisema.

Baba akaweka gunzi chini, akavua kofia.

"Basi leo nakuuliza, Yudith. Unamtaka?"

"Namtaka, baba. Nilimtaka tangu siku ile."