Mashine ya Verediana

Soko la Songea lilikuwa limefurika, maana biashara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa na kila mwenye kitu alikitoa akiuze. Verediana, kajifunga kitenge cha maua ya njano, alikuwa akimimina mafuta ya alizeti kwenye chupa, mara kijana mwenye shati la kaunda akampiga kikumbo. Mafuta yakammwagikia kijana viatuni.

"Samahani, dada."

"Samahani ya nini? Viatu vyako ndivyo vimekaangwa."

Kijana akacheka. Ndiye Ramson, mtu wa Mbeya, afisa wa kituo kipya cha kukuza ubunifu wa biashara, kilichojengwa kwa fedha za serikali. Mvua zilipoanza walikuwa wameshachumbiana kwa maneno, bado mahari tu.

Jioni moja Ramson alifika mnyonge nyumbani kwa Verediana, mtaa wa Mfaranyaki.

"Mama mafuta wangu, wageni wa wizara wanakuja. Kituo hakina kitu, ukumbi mtupu, na wakiuona hivyo fedha hazitaletwa tena. Niazime mashine yako ya kukamulia. Wakiondoka naileta."

Mashine ile ya mkono ndiyo iliyomlisha Verediana na mama yake. Moyo ulikataa. Mdomo ukakubali.

Alipopita kituoni kuitazama, aliikuta imepakwa rangi ya kijani, ubavuni imeandikwa kwa herufi nyeupe: MALI YA SERIKALI. Ndiyo desturi, mgeni mkubwa akija, kila kilichomo ndani ya uzio hupakwa.

"Usiiguse, dada," mlinzi alisema. "Hiyo ni jela."

Ramson alikuwa Namtumbo kikazi. Verediana akampigia simu kutoka posta.

"Ulijua wataipaka?"

"Sikujua, mpenzi. Labda mkurugenzi, mzee Kajetani..."

"Mpenzi wako ni hicho kituo chako."

Simu ikakoroma, ikakatika.

Siku ya wageni, Verediana alisimama nyuma ya akina mama wa ngoma. Mzee Kajetani, suti imemkaba, aliigonga ile mashine kwa fimbo.

"Hii, mheshimiwa, imebuniwa hapa hapa na vijana wetu."

Makofi yakapigwa. Ramson hakupiga. Alisimama, jasho limelowesha kola.

"Si kweli, mheshimiwa. Ni ya Verediana wa Mfaranyaki. Niliiazima kwake mimi. Kituo hakina mashine."

Ngoma zikanyamaza. Wageni waliondoka, pilau ikabaki masufuriani.

Jioni Ramson aliisukuma mashine kwa mkokoteni mpaka uani kwa Verediana.

"Nimesimamishwa kazi," alisema. "Na mzee anasema nimeiba mali ya serikali. Niripoti polisi kesho."

"Kwa hiyo umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuomba unioe... yaani, nikuoe. Nikitoka."

"Hata kuposa hujui," Verediana alisema, na machozi yakamtoka. "Na usipotoka je?"

Ramson aligeuka kutazama mlangoni. Gari lilikuwa limesimama nje, injini inanguruma.

"Mzee alisema kesho," Ramson alinong'ona.

Verediana akafuta uso, akakaza kitenge, akaenda kufungua mlango mwenyewe.

"Karibuni," aliwaambia askari. "Mnamtafuta mchumba wangu?"