Wimbo Uliopanda Ngazi

Miaka yote cave, chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ile ya mtaa wa Schaerbeek, ughaibuni, ilinuka ukungu na viazi. Jioni ile Sumaya aliposhuka kuchukua kigari cha mtoto, ilinuka udi. Na gizani kulikuwa na mwanamke akiimba mdomo umefumbwa, kama anayebembeleza.

Wimbo aliujua. Wa katuni ya Kijapani, uko mkiani mwa chati, redio ikiupiga kwa kuuonea huruma tu.

"Maman, kuna muntu kule cave," alimnong'oneza mama mkwe wake, Mauwa.

"Si ni Bibiane wa chini? Bwana yake akitoka tu, ule anaimba!" Mauwa akacheka mpaka akafuta machozi. Mambo ya watu aliyapenda kuliko chai.

Lakini wimbo ukaanza kupanda chati, polepole, na sauti nayo ikapanda ngazi. Majani yalipokwisha kupukutika ilikuwa mlangoni kwa Bibiane, naye akahamia kwa dada yake, mtaa wa Koekelberg, bila kuaga mtu. Baridi ilipokaza, ikawa kwenye ngazi ya kwao.

Magharibi moja Mauwa anakaanga sambusa, mjukuu wake Rayan analia, mlango ukagongwa. Mauwa ni mtu wa Buyenzi. Kwao huko Bujumbura mlango ukigongwa huulizi nani.

"Karibu! Ingia, ingia!"

Mlango ukafunguka. Hakuingia mtu. Nyumba ikajaa udi, na Rayan akanyamaza ghafla, kama aliyepakatwa.

Tangu hapo mtoto akakataa titi la mama yake, akawa hapati usingizi mpaka sauti ile ianze kuimba juu ya kitanda chake, na Sumaya, kifua kimemvimba kwa maziwa, husimama mlangoni akiutazama mto unavyobonyea taratibu kana kwamba kuna kiwiko kimeegemea hapo, na kila wimbo ulipokwisha mtoto alikuwa amekonda zaidi, na anacheka zaidi.

Akaitwa Shehe Burhani. Hata kitabu hakukifungua.

"Nani alimukaribisha?"

"Ni mie," Mauwa akasema.

"Bon. Hatumufukuzi, mulimuita wenyewe. Wewe utamusindikiza mpaka barabarani. Na kwa heshima, maman!"

Mauwa akajifunga kitenge, akashuka akiongea na hewa, "Asante kwa kututembelea, dada," meno yakigongana, udi ukimpumulia shingoni ngazi baada ya ngazi, mpaka kituo cha tramu. Milango ikafunguka. Hakupanda mtu. Harufu ikakatika.

"Amekwenda?" Sumaya aliuliza Mauwa aliporudi.

"Amekwenda. Hata merci hakusema!"

Wakacheka, wakalia. Rayan alikuwa ananyonya. Wiki ile wimbo ukashika namba moja.

Baridi ilipopungua, mtoto akaanza kutafuta maneno. Sumaya akapiga magoti mbele yake, mikono wazi.

"Sema mama. Ma-ma."

Rayan akatabasamu, macho yamepita juu ya bega lake.

"Mama."

Na nyuma ya Sumaya, kwa sauti tamu, mtu akaitika:

"Abee."