Msonobari wa Taisto

Shemeji yangu Kauko alikuwa na miaka sitini na miwili na kiherehere cha mtoto. Jumamosi ile ya mwezi wa kumi alinijia mlangoni ameshavaa jaketi la kuelea, eti twende kisiwani tukafunge sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, kabla ziwa halijaganda. Boti ya injini tulishaipandisha nchi kavu na kuifunika. Kilichobaki ni kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa watu wawili.

"Twende, Kerttu. Kuna kitu nataka ukione."

"Nikione nini, kiuno chako kikiteguka?"

"Ukionee wivu, shemeji."

Nikapanda. Mimi mbele, yeye nyuma. Tukafuata ufuko, jua limeshashuka, ziwa limetulia, majani ya njano yakioza ukingoni. Kauko alikuwa akinirushia maji kwa kafi lake na kucheka peke yake. Mimi sikucheka. Sikuwa nimecheka naye kwa miaka minane.

Maana miaka minane iliyopita, mwezi huo huo, yeye na mdogo wake Taisto walikwenda kutoa nyavu zangu katika upepo mkali. Walikwenda wawili, akarudi mmoja. Taisto alikuwa mume wangu. Kauko alisema jamaa alilewa, akasimama kwenye mashua, akaanguka. Taisto hakuwa mnywaji! Nilimwambia polisi, nikamwambia mchungaji, nikamwambia kila mwenye masikio. Wakanijibu kwamba ni majonzi.

Siku ya kumzika, jeneza likivushwa kwenda kanisani, tulisimama pale kisiwani kama walivyofanya babu zetu. Tukamchagulia msonobari. Tukapogoa matawi yote, tukaacha ya kileleni tu. Tukabandua gome, nami nikachonga kwa kisu changu: T.R., mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Mti huo tunauita karsikko. Maiti akikumbuka kwake akaja, hufika hapo, husoma jina lake, hujua kwamba amekufa, hurudi makaburini. Hapiti.

Tukazunguka mwamba wa mwisho. Kisiwa hiki hapa.

Msonobari haukuwepo.

Palikuwa na kisiki tu, bado kinatoa utomvu.

"Umeona?" Kauko alisema kwa furaha. "Sasa unakaa kwenye benchi la sauna, unaliona jua likizama lote!"

"Kauko. Mti uko wapi?"

"Tumeshauota moto wiki mbili hizi. Kuni zake zinawaka ajabu! Usininunie basi, Kerttu. Ni mti tu ule."

Damu ilinichemka mpaka masikioni. Nilitaka kumpiga kafi la uso. Nilikuwa nimeshalinyanyua.

Tok.

Chini yangu. Chini ya kayaki.

"Jiwe hilo," Kauko akasema.

Pale hapana jiwe. Pale hata kamba ya nanga haifiki chini.

Tok... tok...

Kilianza mbele, penye miguu yangu. Kikapita chini ya makalio yangu taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Hakikusimama kwangu. Kikaenda nyuma.

Halafu harufu. Lami. Taisto alikuwa akiipaka mashua yake lami kila masika, na mikono yake ilinuka hivyo mpaka kiangazi kinakwisha. Naijua harufu ile hata usingizini.

"Kerttu..." Kauko alinong'ona. "Kuna mtu ameshika kafi langu."

Nikalishusha langu taratibu.

"Taisto," akasema, na hakuwa akisema nami tena. "Ndugu yangu, mashua ingepinduka. Ungetuzamisha wote... Nilikupiga vidole tu. Vidole tu, uachie!"

Miaka minane. Na leo nimeusikia ukweli kwa masikio yangu.

"Shemeji, nipe mkono. Nipe mkono, jamani!"

Ilikuwa ni kugeuka tu. Ningegeuka, ningemshika jaketi, labda angekuwa hai mpaka leo. Nililaza kafi mapajani, nikakitazama kile kisiki.

Sikugeuka.

Kayaki ikawa nyepesi. Sikusikia hata maji kuruka.

Wazamiaji walilipata jaketi lake siku ya tatu. Zipu ilikuwa imefungwa mpaka shingoni, mikanda yote imekazwa, na ndani hamna mtu. Polisi wakasema ni baridi ya maji. Nikaitikia, ndiyo, baridi.

Sitaki kuwadanganya: nilifurahi. Jioni ya kwanza nilipoona nyayo zimelowa kwenye gati langu, nilimwekea Taisto kikombe cha kahawa nje. Karibu nyumbani, mume wangu. Siku za mwizi zimetimia, sasa pumzika.

Hakupumzika. Jioni ya pili nyayo zilifika kwenye banda la kuni. Ya tatu, kwenye ngazi. Kahawa haigusi.

Ndipo nikaikumbuka asubuhi ile ya upepo. Taisto alikuwa amekaa hapa jikoni, amevua buti. Alisema leo ziwa halifai. Mimi ndiye niliyemtupia buti miguuni. "Mwanamume gani anaogopa mawimbi? Nyavu zangu zioze kwa sababu yako?" Hilo sikumwambia polisi, wala mchungaji.

Kisu nimekinoa tangu mchana. Pale kisiwani upo msonobari mwingine mzuri, umenyooka. Nikimchongea jina lake atalisoma na kurudi. Ila kisiwani hakufikiki bila kupita majini, na kilichobaki ni kayaki ile ile, na safari hii nyuma yangu hakuna mtu.

Nimekaa jikoni, buti mkononi. Jua linazama. Chumba kizima kinanuka lami.

Tok.

Chini ya sakafu, penye miguu yangu.

Nami nasubiri kiende nyuma. Hakiendi.